Sahani ya Shikanga

Jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya mabati upande wa Mumias wakati Khaemba alipoingia katika yadi ya kuchinjia magari, nyuma ya soko la Kakamega. Alikuwa na haja moja tu: apate sahani ya bei nafuu, arudi Navakholo kabla mvua haijamfunga njiani.

Si sahani ya kulia obusuma, ugali wetu. Ni ile sahani nyembamba ya chuma, yenye meno pembeni, inayokaa kati ya injini na giaboksi ya gari la otomatiki. Mafundi huiita fleksipleti. Stata huyauma meno yake, injini ikaamka, kisha yenyewe huusukuma mzigo wote wa giaboksi bila mtu kuishukuru. Ikipasuka, gari hugonga. La Khaemba lilikuwa limegonga hivyo tangu wiki iliyopita, ka-ka-ka-ka, hasa likisimama, mpaka watu wa sokoni wakawa wanamjua anakuja kabla hajatokea. Osundwa, fundi wake wa Navakholo, aliishusha giaboksi akamwonyesha ufa uliozunguka matundu ya bolti.

"Hii si ya kuchomelea," Osundwa alimwambia. "Ukichomelea inapinda. Ikipinda inakula giaboksi. Enda tauni utafute ingine. Linganisha meno, linganisha matundu. Na uigonge na spana usikie. Nzima inalia. Yenye ufa inakohoa."

Khaemba angekuwa na nafasi ya kungoja, angengoja miwa yake ikatwe, alipwe. Hakuwa nayo. Mkewe Mideva alikuwa na mimba iliyokomaa, na hiyo ilikuwa ya tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulia. Wa pili alitokea njiani, juu ya bodaboda, katika barabara ya murram iliyokuwa imegeuka tope. Mideva hakumlaumu mtu. Alinyamaza tu, akawa mtu wa kunyamaza. Daktari alisema mara hii uchungu ukianza asikae nyumbani hata kidogo, aletwe mjini apasuliwe upesi. Ndiyo maana Khaemba alinunua gari lile kuukuu. Lilikuwa na kazi moja, na sasa lilikuwa juu ya mawe kwa Osundwa, tumbo wazi.

Basi akaingia yadi.

Huku kwetu gari halifunguliwi vipuri, huchinjwa. Lililopinduka, lililogongwa na lori la miwa, lililoshindikana, yote huletwa hapo, na kila mtu huondoka na mnofu wake: huyu mlango, yule taa, mwingine giaboksi. Na kama ilivyo kwa nyama ya sokoni, hakuna anayeuliza mnyama alikufaje. Ukiuliza sana utalala na njaa.

Mwenye yadi alikuwa mama mmoja wa Kinandi aitwaye Jepkosgei, mtu mzima, amevaa ovaroli ya kijani na leso kichwani. Aliichukua sahani mbovu aliyokuja nayo Khaemba, akaigeuza mara moja, akamletea mbili.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ndani ya boksi lenye maandishi ya kigeni. Nyembamba, inang'aa, na bei yake ya kumtoa mtu mzima machozi. Ya pili ilikuwa imechomelewa. Khaemba aliigonga na spana.

Tk.

"Hiyo inakohoa," akasema.

"Inakohoa," Jepkosgei akakubali. "Sikufichi."

Hapo ndipo Khaemba alipoiona ya tatu. Ilikuwa imetundikwa peke yake kwenye msumari, ukuta wa mbali, mahali ambapo hakuna kipuri kingine kilichowekwa karibu.

"Na ile, mama?"

Jepkosgei hakugeuka kuitazama. "Ile ni rahisi."

"Rahisi kwa nini?"

"Kwa sababu inarudinga. Watu wananunua, wanairudisha." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Ikikuletea kelele, usihangaike nayo. Usiifanye chochote. Rudisha tu. Mimi huipokea."

Muuzaji anayekuahidi kupokea mali aliyouza, katika mji huu! Khaemba alipaswa kuondoka hapohapo. Lakini mwenye shida hana masikio. Aliitungua, akailinganisha na yake: matundu sawa, meno makali, hakuna ufa. Chuma cha zamani, kizito, cha kuaminika. Akaigonga.

Nnnnnnng...

Ililia vizuri. Ililia kama kengele ya kanisa, na Khaemba akatabasamu. Akaiweka mezani.

Nnnnnng...

Akaishika kwa kiganja ili anyamazishe mlio. Mlio ukapanda kwenye kifundo cha mkono, ukafika kwenye kiwiko. Na pua yake ikapata harufu ya udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo, ingawa yadi nzima ilikuwa imelowa oili.

Jepkosgei akainama juu ya meza. Akanong'ona, upesi, kama mtu anayemkemea mtoto kanisani:

"Shikanga. Nyamaza."

Ikanyamaza.

Khaemba aliangaza macho nyuma ya yadi, akidhani kuna kijana huko anayegongagonga vyuma. Hakuona mtu. Jina alilisikia, likamwingia sikioni, likakaa huko. Alilipa, akaifunga sahani kwenye gunia, akaondoka na giza likimfuata nyuma.

*

Osundwa aliifunga kesho yake. Ilikaa kama iliyozaliwa hapo. Stata iliguswa mara moja tu, injini ikaamka, laini, na Osundwa akampiga Khaemba begani.

"Mkubwa, umeokota!"

Kisha gari likiwa limesimama, injini ikinguruma polepole...

Ko-ko-ko... ko.

Wakatazamana.

Ko-ko-ko... ko.

Haukuwa mlio ule wa zamani. Ule ulikuwa wa chuma kilichovunjika, hauna mpango. Huu ulikuwa na mpango. Mara tatu, kimya, mara moja. Osundwa alizima, akakaza bolti zote upya, akawasha. Uleule. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye ganda la giaboksi na mpini sikioni, namna mafundi wanavyousikiliza ugonjwa wa ndani. Alisikiliza kwa muda. Khaemba alimwona midomo ikimkauka. Akaitoa bisibisi sikioni, akaiweka chini taratibu, na hakuiokota tena.

"Ni nini?"

"Sahani haina ufa. Bolti ziko. Meno yako sawa." Osundwa alikuwa akitazama mikono yake. "Endesha tu. Haitaharibu kitu."

"Nimekuuliza ni nini, Osundwa."

Fundi akasogea karibu, akateremsha sauti. "Ni kama mtu anabisha hodi. Na ukikaribia, anaachanga kubisha... anasikiliza wewe."

Khaemba aliamua ataipeleka mjini, airudishe kwa yule mama kama alivyoambiwa. Lakini kliniki ya Mideva ilikuwa kesho, na tumbo lilikuwa limeshuka. Akasema nafsini, atakapotoka kliniki, wiki ijayo, akipata nafasi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo lilikuwa la mkewe.

*

Siku ya kliniki walienda watatu: Khaemba, Mideva nyuma akiwa amejilaza, na senge Nanjala mbele. Senge ni shangazi, dada ya baba, na kwa Wabukusu senge si mgeni katika mambo ya uzazi. Yeye ndiye anayejua wafu wa ukoo mmoja mmoja, nani alikuwa mkarimu, nani alikuwa mchoyo, nani anastahili kurudi.

Daktari alisema mtoto yuko sawa. Walikuwa wakirudi na furaha kidogo ndani ya gari, jioni, mvua nyepesi, wakati trekta la miwa lilipokwama mbele yao na kuziba barabara. Khaemba hakuzima injini. Wakakaa wakingoja, miwa kushoto, miwa kulia.

Ko-ko-ko... ko.

Ko-ko-ko... ko.

Senge Nanjala alitega sikio. Kisha akacheka, kicheko chake kile kikubwa cha mwanamke aliyezika mume na bado anauza mboga.

"Hii gari yenu, Khaemba! Inalia kama mtoto hajapata jina."

Kila mtu wa huku anajua maana yake. Mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, akikataa ziwa, hapelekwi mbali. Huketishwa, akaitiwa wazee waliokufa, jina baada ya jina. *Kama ni wewe fulani, nyamaza, umefika kwetu.* Likiitwa la yule aliyemjia, mtoto hunyamaza. Hilo ndilo jina lake mpaka kaburini.

"Basi ipe jina, senge," Mideva akasema kutoka nyuma. Yeye ni Mmaragoli na mtu wa kanisa, lakini sauti yake ilikuwa na mzaha, na Khaemba hakuwa ameusikia mzaha huo tangu mtoto wa bodaboda.

Senge akapiga dashibodi kwa kiganja. "Kama ni wewe Wekesa, nyamaza. Umefika kwetu."

Ko-ko-ko... ko.

"Wekesa amekataa! Kama ni wewe Masinde, nyamaza. Umefika kwetu."

Ko-ko-ko... ko.

"Masinde alikuwa anapenda punda, hataki gari," senge akasema, na Mideva akacheka. Alicheka kweli, mkono juu ya tumbo, machozi yakimtoka. Khaemba alimtazama katika kioo na moyo wake ukajaa. Angefanya chochote kicheko kile kisikatike. Senge alikuwa ameishiwa na wanaume, ameanza kutaja mabibi, na kicheko kilikuwa kinapoa. Basi Khaemba akachota jina la kwanza lililokuwa karibu na ulimi.

Akapiga usukani, akaigiza sauti ya senge:

"Kama ni wewe Shikanga, nyamaza! Umefika kwetu."

Kimya.

Injini ilikuwa ikinguruma. Mvua ilikuwa ikigonga bati la gari. Lakini kile kingine kilikuwa kimekoma, na harufu ya udongo mbichi ilipita ndani ya gari, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Aii!" Mideva akashika tumbo. "Amegeuka. Khaemba, amegeuka mzimamzima."

Senge Nanjala hakuwa akicheka tena. "Umesema nani?"

"Ni mchezo tu, senge..."

"Shikanga wa kwetu ni yupi?"

"Hakuna. Nililisikia tauni."

Senge alijitemea mate kifuani, mara mbili. Trekta lilikwamuka, gari likaenda kimya, laini, kama jipya, na Mideva akalala usingizi nyuma akiwa na tabasamu. Waliposhuka senge alimvuta Khaemba pembeni ya ghala la mahindi.

"Mtoto haitiwi jina la barabarani," akanong'ona. "Rudi ulikotoa hilo jina. Uliza ni la nani. Na usimwambie mkeo."

*

Alifika yadi jioni iliyofuata. Jepkosgei alikuwa anafunga lango. Alilisikia gari likiingia, likasimama, injini ikawa inanguruma bila kugonga. Mama yule akaliachilia lango.

"Ni ile sahani iko ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Na imenyamaza."

"Imenyamaza."

Akatafuta tairi kuukuu, akaketi juu yake. Alionekana mzee ghafla. "Basi hukuja kurudisha."

"Nimekuja kuuliza. Shikanga ni nani?"

Nje, muuza mahindi ya kuchoma alikuwa anapepea jiko lake.

"Ni mwenye hiyo gari niliyochinja," akasema mwishowe. "Mtu wa huko juu, sitakwambia wapi. Watu wake walikuwa wanasema ni mlogi. Ati anatembeanga usiku, anabisha mlango mara tatu, ananyamaza, anabisha mara moja. Ukifungua, hakuna mtu. Lakini hiyo nyumba haikosi msiba. Kama ni kweli, mimi sijui. Watu husema mengi. Gari ikapinduka naye. Wakabeba mwili, wakafukia. Lakini nyinyi mna desturi yenu, si ndiyo? Mtu akifia barabarani mnarudi pale na tawi, mnamwita, mnampeleka nyumbani."

"Ndiyo."

"Yeye hawakumwitia. Walimwacha kwa makusudi. Wakaniuzia gari wakakimbia. Nilituma watu kwao, waje wamchukue mtu wao. Wakasema hawajui mtu wa jina hilo."

Khaemba akamsogelea. "Lakini wewe pia ulimtaja. Nilikusikia!"

"Mimi nilimwambia anyamaze." Jepkosgei akainua kidole. "Kwetu pia tunaitianga mtoto wazee, mpaka apige chafya. Najua kunyamazisha na najua kuita. Sikuwahi kumwambia amefika. Wewe ulimwambia nini?"

Khaemba akaligeukia gari.

"Ulimwambia nini, baba?"

"Nilimwambia... umefika kwetu."

Mama yule akafunika uso kwa leso. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Kelele ndiyo ilikuwa nzuri. Mtu akibisha, bado yuko nje."

"Chukua sahani yako! Nitaitoa kesho asubuhi, nikuletee."

"Lete ukitaka. Nani alikuwa ndani ya gari?"

"Mimi na senge wangu. Na mke wangu."

"Ako vipi, mkeo?"

Jepkosgei aliusoma uso wake, na hakuhitaji kuambiwa kwamba mkewe ni mjamzito. Alisimama, akavuta lango, na kabla ya kulifunga akamwambia neno moja la Kinandi ambalo Khaemba hakulielewa, ila alielewa kwamba lilikuwa la pole.

*

Aliuza ng'ombe. Alinunua ile sahani mpya ya ndani ya boksi, nyembamba, inayong'aa, na Osundwa akaifunga bila kuuliza. Ile ya zamani fundi aliiokota, akaigonga na spana kwa mazoea.

Tk.

Akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga. "Haina ufa," akasema. "Mbona hailii?"

Akaigonga tena. Tk. Kilikuwa chuma tu, cha kumuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Waliitupa pamoja na mikebe.

Jioni hiyo Mideva alikuwa kitandani, amenyoosha miguu. Alimwita mumewe akae. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Khaemba alikuwa ameiomba kwa Mungu kwa miaka.

"Wale wengine hawakuwa hivi," akasema. "Huyu ana nguvu. Leta mkono."

Akauchukua mkono wa Khaemba, akauweka tumboni, upande wa kushoto.

Ko-ko-ko... ko.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Khaemba akasema.

Hakuutoa mkono. Angeutoa, angelazimika kueleza. Alikaa hivyo mpaka mkewe akalala, na mlio ule ukaendelea chini ya kiganja chake, mpole, wenye subira, wa mtu aliyekwisha kuvua viatu.

*

Uchungu ulipoanza, gari liliwaka mara moja. Halikukwama, halikugonga, halikukohoa. Lilifanya kazi yake yote kama lilivyonunuliwa kuifanya, na Mideva akafika mjini mapema hata wauguzi wakamsifu mumewe. Alfajiri mtoto alitolewa. Mvulana. Alilia, na Khaemba, aliyekuwa nje kwenye benchi, aliposikia kilio kile alilia naye. Ni nani angemcheka? Alikuwa amesahau kila kitu. Kwa muda mfupi ule alikuwa baba tu.

Kisha mtoto hakunyamaza.

Alilia mchana. Alilia walipomweka ziwani, akageuza shingo kama anayepewa uchafu. Wauguzi walimpima hiki na kile. Daktari akaja, akamsikiliza moyo, akasema hana ugonjwa wowote anaouona. Wakamtilia maziwa kwa mrija, akayatapika. Siku ya pili sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Siku ya tatu haikuwa sauti tena, ilikuwa pumzi yenye makali, na mbavu zikionekana.

Senge Nanjala alikuja na shuka, akaketi kitandani, akaanza. Aliita polepole safari hii, bila mzaha, kwa heshima. Kama ni wewe Wekesa. Kama ni wewe Masinde. Aliita baba na babu na babu wa babu. Aliita mabibi. Aliita hata watu wa upande wa Mideva, walimu wa kanisa, watu wema waliokufa wakiimba. Jina jema hung'ara gizani, husema wahenga. Hakuna hata moja lililong'ara.

"Kuna moja hamjalisema," Mideva akasema. Midomo ilikuwa imempasuka. "Lile la siku ya mvua. Gari lilinyamaza."

Senge akatazama chini. "Hilo hapana, mwanangu."

"Kwa nini?"

Senge akalivuta shuka juu ya mtoto.

"Khaemba. Kwa nini?"

Khaemba alitazama dirishani. Angeweza kumwambia. Angemwambia nini? Kwamba mwanawe afe akiwa safi, bila jina la mlogi? Alimwona mtoto, ngumi zake ndogo zimefungwa, mdomo wazi, hakuna mlio unaotoka. Aliiona migomba nyuma ya nyumba. Alimwona Mideva akirudi kuwa mtu wa kunyamaza, na safari hii asitoke huko tena. Alisali. Alisali kweli, maneno yote aliyoyajua, na alipomaliza chumba kilikuwa vilevile.

"Usifanye," senge akanong'ona, kwa maana alimwona anainama.

"Nitamzika wa tatu, senge?"

Senge akageuza uso.

Khaemba akaweka mdomo kwenye sikio la mwanawe. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa hapo, kwenye nywele laini.

"Kama ni wewe Shikanga," akasema, "nyamaza. Umefika kwetu."

Kimya.

Mtoto akapiga chafya. Moja tu.

Akafungua macho, akamtazama Khaemba muda mrefu, kwa utulivu. Kisha akageuka mwenyewe kwenye ziwa la Mideva, akanyonya. Mideva alilia, akamshukuru Bwana Yesu, akamwita mwanawe kwa jina lake, mara nyingi, Shikanga, Shikanga wangu, baba yangu mdogo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipiga makofi. Senge Nanjala alijifunga leso, akatoka nje bila kupiga vigelegele, akarudi kwao bila kuaga.

*

Wamerudi nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na mwenyeji mmoja kwa kweli amepona: Mideva anaimba jikoni. Mtoto ananenepa. Halii kamwe. Mchana kutwa analala, na majirani wanamsifu kwa upole wake.

Ni jioni ndipo anapoamka.

Jioni ya kwanza Khaemba alikuwa amekaa mlangoni akitazama giza likitanda juu ya miwa. Mideva alikuwa amesinzia kitandani, mtoto upande wa ukutani.

Ko-ko-ko... ko.

"Karibu," Mideva akasema usingizini, kama alivyolelewa kumjibu kila abishaye. "Karibu ndani."

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Khaemba aligeuka, akaona kisigino kidogo kikipiga ubao wa kitanda, mara tatu, kimya, mara moja. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yamekazwa mlangoni, kwenye giza la nje.

Khaemba alisimama. Alifunga mlango, akatia komeo, akauegemea kwa mgongo.

Kisigino kikaongeza nguvu.

"Karibu," Mideva akasema tena.

Hakujua kwamba safari hii anayebisha yuko ndani, na anachoomba ni kufunguliwa atoke akatembee usiku.